Umri wa Deni na Umri wa Paa: Mhadhara juu ya Fedha za Kutengeneza Nyumba katika Mji wa Arusha na Nchi ya Meru



Tangu ilipotangazwa mwaka 2023 kwamba Tanzania, Kenya na Uganda zitaandaa kwa pamoja Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 2027, na tangu wananchi walipouona kwa macho yao uwanja mpya ukiinuka kule Olmoti, mji wetu umeingiwa na harara ya kutengeneza nyumba. Kutoka Muriet hadi Olasiti, na kutoka Sombetini hadi Sakina, vigae vinapakuliwa, mabanda ya uani yanatiwa choo na bafu ili yapate kuitwa vyumba vya masta, na mwenye nyumba ambaye kwa muda wa miaka kumi aliridhika na sakafu ya saruji hapati usingizi sasa mpaka ameona dari ya jipsamu juu ya kitanda chake. Sina ugomvi na harara hiyo. Nyumba ni sitara ya mja, na mwenye kuitunza sitara yake hastahili lawama. Lililonileta mbele yenu jioni hii ni fedha ya kazi hiyo: hutoka wapi, kwa sharti gani, na atakayeirudisha ni nani wageni watakapokuwa wamekwisha kwenda zao.

Kadhia hii si ngeni kwetu. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipounda, mwezi Novemba 1994, mahakama ya kuhukumu mauaji ya kimbari ya Rwanda, na mahakama hiyo ilipowekwa hapa Arusha katika majumba ya Kituo cha Mikutano cha Kimataifa, mji ulipata wapangaji wa namna usiyoizoea, waliolipwa mishahara ya kigeni, waliotaka maji yasiyokatika, ukuta wa kuzunguka ua na jiko lenye makabati. Na wenye nyumba wa Njiro na Kijenge hawakukawia kuelewa kinachotakiwa. Mahakama ilifunga milango yake tarehe 31 Desemba 2015. Mtu aliyekuwa amemaliza deni lake kabla ya siku hiyo alibaki na nyumba nzuri na kodi iliyopungua. Aliyekuwa amekopa mwaka mmoja au miwili nyuma, akihesabu kwamba wapangaji wale hawana siku ya kuondoka, alibaki na nyumba nzuri na deni. Na mahakama ile ilikaa miaka ishirini. Mashindano ya mpira hayachukui hata majuma matano.

Neno langu kuu, basi, ni hili: deni lina umri, na kitu kilichotengenezwa kwa deni hilo nacho kina umri wake, na mashaka ya mkopaji huanza pale umri wa deni unapoupita umri wa kitu. Rangi ya nje, ikipigwa masika ya Machi hadi Mei na vumbi la Januari, hupauka katika miaka minne au mitano. Mwenye kuikopea kwa miaka sita atakuwa analipia rangi ambayo haipo tena ukutani. Bati nene la geji 28, likipigiliwa juu ya kenchi za mbao zilizotiwa dawa, huweza kumfunika mtu na wanawe muda wa miaka thelathini; mwenye kulikopea kwa siku thelathini katika simu yake ya mkononi amefanya kosa la kinyume, kwa kuwa amebana ndani ya mwezi mmoja gharama ambayo insafu ingeigawa katika miaka. Kosa la kwanza ni la tamaa na la pili ni la dhiki, na katika mji huu nimeona la pili likiharibu watu wengi kuliko la kwanza.

Ni lazima pia tukumbuke namna nyumba zetu zinavyozaliwa. Huku kwetu watu wengi hawanunui nyumba iliyokwisha. Huanza kwa kiwanja, kisha msingi, kisha kuta mpaka lenta, kisha husubiri, na nyasi huota ndani ya vyumba wakati mwenyewe akitafuta fedha ya kuezeka. Na akiisha kuezeka huhamia pasipo dari wala lipu, akaimalizia nyumba huku akiishi ndani yake. Kwa hiyo mpaka kati ya kujenga na kukarabati, ambao wenye mabenki hupenda kuuchora kwa wino, kwetu haupo. Mtu wa Moshono anayetia madirisha ya aluminiamu badala ya mbao zilizopigiliwa misumari, je, anajenga au anakarabati? Anafanya yote mawili, kidogo kidogo, kwa kadiri ya riziki yake, na mkopo unaomfaa ni ule unaokubali kuja kidogo kidogo vilevile.

Walakini historia ya mikopo ya nyumba katika nchi hii imekuwa historia ya fedha zinazokuja kwa wingi au haziji kabisa. Katika zama za Waingereza palikuwa na sheria ya kuzuia Mwafrika asidaiwe mahakamani na mwia asiye Mwafrika ila kwa mkataba ulioandikwa na kuidhinishwa na afisa wa serikali. Ilisemwa kwamba ni ya kumhifadhi, na yumkini ilimhifadhi, ila ilimhifadhi na mkopo pia. Baada ya Uhuru, Serikali iliunda Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1962, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 ikaanzisha Benki ya Nyumba Tanzania, iliyokusudiwa kumkopesha mfanyakazi na mkulima kwa riba nafuu. Madhumuni yalikuwa mema. Lakini riba ilikuwa ndogo kuliko upungufu wa thamani ya shilingi, na wakopaji wengi waliona deni la Serikali kuwa kama mvua, ambayo hainyeshi kwa ajili ya kudaiwa. Mwaka 1995 benki ile ilifungwa, na kwa zaidi ya miaka kumi mtu wa kawaida hakuwa na mahali pa kuomba rehani ya nyumba. Ilipotungwa sheria ya mikopo ya rehani ya mwaka 2008, na ilipoanzishwa mwaka 2010 kampuni ya kuyakopesha mabenki yenyewe fedha za muda mrefu, mlango ulifunguka tena. Umefunguka kwa upana gani? Hata leo jumla ya rehani zote za nyumba katika Tanzania haifiki sehemu moja katika mia ya pato la taifa, na riba yake kwa miaka mingi imecheza kati ya asilimia 13 na 19 kwa mwaka.

Mwenye kwenda kuomba rehani hiyo kwa ajili ya ukarabati ataulizwa kwanza hatimiliki, na hapa ndipo nchi ya Meru inapotengana na vitabu vya mabenki. Mjini, kwenye viwanja vilivyopimwa, hati ipo au huweza kupatikana; katika mitaa iliyoota bila ramani kazi ya urasimishaji inaendelea, na mwananchi aliyelipia upimaji, akashika mkononi barua ya toleo au hati yenyewe, amepanda ngazi moja. Lakini ukipanda mlima, Akheri, Poli, Nkoaranga, na upande wa Waarusha kule juu ya Ngaramtoni, nyumba imekaa katikati ya kihamba, baina ya migomba na mibuni, na kihamba hakikununuliwa na mwenye nyumba: alipewa na baba yake, aliyepewa na baba yake, na mpaka wake ni mmea uliopandwa na babu mbele ya majirani. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeweka hati ya hakimiliki ya kimila, na kwa maandishi hati hiyo huweza kuwekwa dhamana. Lakini mwenye benki anajua kwamba siku ya kuuza mnunuzi hawezi kuingia pasipo idhini ya halmashauri ya kijiji, na kwamba hata akiidhinishwa atakaa katikati ya ukoo usiomtaka. Kwa hiyo husoma hati, huisifu, huirudisha.

Wako wanaouita msimamo huo wa mabenki dhuluma kwa mkulima. Mimi nawasadiki nusu tu. Watu wa mlima huu hawakuanza jana kuiogopa karatasi inayoweza kumtoa mtu katika ardhi yake. Mwezi Novemba 1951, kufuatana na mapendekezo ya Tume ya Wilson, serikali ya kikoloni iliwahamisha Wameru wapatao 3,000 kutoka Ngarenanyuki, ikachoma nyumba zao, ili mashamba yale wapewe walowezi wa Kizungu. Na mwaka uliofuata Kirilo Japhet alisafiri hadi New York kuwatetea wenzake mbele ya Umoja wa Mataifa, akisaidiwa na mwanasheria Earle Seaton. Wajukuu wa watu wale wako hai, na mzee anayekataa kuweka kihamba rehani ili apate vigae vya sebuleni hasukumwi na ujinga. Anajua tofauti kati ya nyumba na ardhi iliyo chini ya nyumba, tofauti ambayo rehani haiijui, maana mkopo wa kutengeneza paa moja hushika shamba, kaburi la babu, na njia ya kwenda mtoni, vyote pamoja. Mimi sioni busara ya kuweka dhamana kitu cha vizazi vitatu kwa ajili ya kitu cha miaka kumi. Ikiwa lazima ardhi ishikwe, na ishikwe kwa ajili ya kazi inayoongeza riziki, kama vyumba vya kupangisha karibu na barabara ya Tengeru au Usa River, na kamwe isishikwe kwa ajili ya mapambo.

Mtumishi mwenye mshahara ana njia nyingine, nyepesi kuliko zote, na wepesi wake ndio hatari yake. Benki haitazami nyumba bali hati ya mshahara. Makato hufanywa na mwajiri kabla fedha haijafika mkononi. Na kwa utaratibu wetu theluthi moja ya mshahara haina budi kubaki kwa mtumishi. Mwalimu au muuguzi wa hapa Arusha huweza kupata fedha hiyo katika siku chache. Sharti la kuangaliwa ni namna riba inavyohesabiwa, jambo ambalo wakopaji hawaulizi kwa kuona haya. Tuseme mtu amekopa shilingi 6,000,000 kwa miaka mitatu, kwa riba ya asilimia 18. Ikiwa riba inahesabiwa juu ya deni linalobaki, linalopungua kila mwezi, atalipa takriban shilingi 217,000 kwa mwezi, na riba yote itafika kama shilingi 1,809,000. Ikiwa riba inahesabiwa mwaka hata mwaka juu ya zile milioni sita za mwanzo, kana kwamba hajarudisha hata senti, atalipa takriban shilingi 256,700 kwa mwezi, na riba itakuwa shilingi 3,240,000. Asilimia ni ileile 18 katika karatasi zote mbili. Tofauti ni zaidi ya shilingi 1,400,000, fedha ya kununua mabati mengi, na hesabu ya pili, ikipimwa kwa mizani ya ile ya kwanza, imepita asilimia 30. Kwa hiyo swali la kumwuliza mkopeshaji si riba ni ngapi tu. Mwulizeni: nitakuwa nimewalipa jumla ya shilingi ngapi siku nitakapomaliza, pamoja na bima na ada zote? Akikwepa kutaja jumla hiyo, ondokeni kwa heshima.

Wale wasio na mshahara wala hati, nao ndio wengi, hawakukaa wakingoja mabenki. Ushirika ni mila ya kale katika nchi hii ya kahawa, na vyama vya akiba na mikopo, yaani SACCOS, ni tawi la mti uleule: mwanachama huweka akiba, na aghalabu huruhusiwa kukopa hadi mara tatu ya akiba yake, akidhaminiwa na wanachama wenzake badala ya ardhi. Chini yake kuna VICOBA, vikundi vya majirani thelathini au pungufu, wenye sanduku la kufuli tatu ambalo funguo zake hushikwa na watu watatu mbalimbali, wanaonunua hisa kila juma, wanaokopeshana, na kugawana mwisho wa mwaka. Na sheria ya huduma ndogo za fedha ya mwaka 2018 imevitambua vikundi hivi na kuvitaka visajiliwe. Mgao wa Desemba unakuja wakati mzuri kwa mwenye nyumba, kwa maana kati ya vuli na masika kuna miezi miwili mikavu, na fundi wa paa hapendi kuezua nyumba ya mtu mawingu yakiwa juu ya Meru. Mama mmoja mwenye kibanda cha mboga pale sokoni Kilombero, akijua kwamba mgao wake utamtosha kununua mbao za kenchi lakini si mabati, hununua mbao Desemba, na mabati huyangoja mwaka wa pili. Mabenki hayana jina la mpango wa namna hiyo, ingawa nyumba nyingi za mji huu zimesimama kwa njia hiyo.

Kuna na upatu, ambao wenyewe huuita mchezo, na ambao wataalamu wa fedha huupita haraka kwa sababu hauna riba wala ofisi. Natamani tuukalie kidogo. Watu kumi na wawili wanaoaminiana, kila mmoja akitoa shilingi 200,000 kwa mwezi kwa mkono wa kijumbe, humpa mmoja wao kila mwezi shilingi 2,400,000. Hakuna faida wala hasara kwa hesabu ya juu juu. Lakini yule wa kwanza kupokea amekopeshwa na wenzake wote bila riba, na yule wa kumi na mbili amewakopesha wote bila riba, na thamani ya shilingi ya mwezi wa kumi na mbili si ile ya mwezi wa kwanza. Kwa hiyo nafasi katika zamu ni mali. Mwenye paa linalovuja aombe nafasi ya kwanza au ya pili, naye aseme sababu waziwazi. Mwenye kutaka kubadili rangi na angoje. Nimeona vikundi vya wanawake vikipanga zamu kwa kutazama nani nyumba yake inanyeshewa, na huo ni uadilifu ambao sijaukuta katika fomu yoyote ya maombi ya mkopo. Wala msiuchanganye mchezo huu na ule upatu wa ulaghai, wa kuahidiwa kupanda kidogo na kuvuna maradufu, ulioliza watu wengi nchini mwaka 2009.

Ndugu zetu Waislamu, na wapo wengi hapa mjini tangu siku za kwanza za Ngarenaro na Kaloleni, wana sababu ya ziada ya kuiepuka riba, na tangu mwaka 2011 nchi hii imekuwa na benki inayofuata misingi ya sharia, na mabenki mengine yakafungua madirisha ya namna hiyo. Katika murabaha benki hununua mabati na saruji kwa nakidi, ikiisha kuvimiliki ikamwuzia mwenye nyumba kwa bei ya juu iliyo bayana, inayolipwa kwa mafungu. Wenye shaka husema kwamba bei hiyo mwishowe hukaribia riba ya benki ya kawaida, na mara nyingi husema kweli. Hata hivyo kuna fadhila mbili ambazo mkopaji wa dini yoyote angezitamani: bei ikiisha kukubaliwa haizai, na fedha haimfikii mtu mkononi, bali mabati humfikia uani. Nani kati yetu hajui mkopo wa paa ulioishia katika harusi?

Hilo linanikumbusha desturi ya kuweka akiba katika vifaa vyenyewe, tofali juu ya tofali, bati juu ya bati. Ni kinga njema dhidi ya bei zinazopanda, lakini ina mipaka yake ambayo fundi yeyote atakuambia. Tofali za bloku zinaweza kukaa uani mwaka mzima pasipo taksiri. Nondo zitapata kutu ya juu tu zikifunikwa. Mabati yatasubiri, mwizi akipenda. Saruji haisubiri. Mfuko uliopita miezi mitatu katika stoo yenye unyevu, kama zilivyo stoo nyingi za upande wa mlima, umeanza kupoteza nguvu, na ukiwa na mabonge magumu haufai kwa lenta wala kwa nguzo. Saruji inunuliwe juma la kazi.

Kodi ya kabla nayo ni mkopo, ingawa haiitwi hivyo. Mwenye nyumba anayepokea kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima akaitia yote katika choo kipya na sakafu, amekopa kwa mpangaji wake; na maadamu kazi yenyewe imeinua kodi ya chumba, ni mkopo mzuri, usio na riba wala dalali. Ubaya wake ni kwamba katika miezi ile nyumba haitamlisha. Wengine hupatana mpangaji atengeneze mwenyewe kisha akate katika kodi, nayo ni njia ya haki endapo gharama imeandikwa kabla ya kazi, stakabadhi zimehifadhiwa, na imetajwa bayana kitakachokuwa mpangaji akihama kabla ya hesabu kwisha.

Kuhusu mikopo ya mitaani ambayo watu wenyewe wameibandika jina la kausha damu, sitapoteza muda wenu. Shilingi 1,000,000 iliyokopwa kwa asilimia 20 kwa mwezi, ikiwa haikulipwa na riba ikawa inaongezwa juu ya deni, baada ya miezi sita imekuwa karibu shilingi 3,000,000. Hakuna paa, sakafu wala chumba cha kupangisha katika Arusha yote kiwezacho kuzaa kwa kasi hiyo. Afadhali turubai juu ya kenchi na ndoo chini yake.

Sasa niseme ninalolitaka. Katika miaka ya 1954 na 1955 Umoja wa Mataifa ulipeleka wataalamu watatu, Abrams, Bodiansky na Koenigsberger, katika nchi ambayo leo ni Ghana, watazame shida ya nyumba. Nao wakaona kwamba mwanakijiji alikuwa anaweza kusimamisha kuta kwa udongo wake na mikono ya jamaa zake, lakini alikwama kwenye vitu vinavyotaka fedha taslimu, navyo ni paa, milango na madirisha. Wakashauri apewe mkopo wa vitu hivyo tu, baada ya kuta kusimama. Huo ndio mkopo ninaowaombea watu wa mlima huu na wa mitaa ya Sombetini: mkopo wa paa, unaotolewa na SACCOS kwa vifaa na si kwa noti, baada ya fundi na mjumbe wa kamati kupima, kwa miaka mitano hadi saba na si kwa miezi kumi na miwili, na dhamana yake iwe wanachama wenzake pamoja na mabati yenyewe. Vyama vyetu vitajibu kwamba akiba za wanachama ni za muda mfupi, haziwezi kukopeshwa kwa muda mrefu. Jibu hilo ni la kweli, na ndipo ninapowauliza wenye mamlaka: ikiwa nchi iliweza kuunda kampuni ya kuyapa mabenki fedha za muda mrefu kwa ajili ya wateja wachache wenye hati, kwa nini fedha za miaka saba zisipitie katika vyama vya akiba kwa ajili ya wale wengi wasio nazo? Asilimia kumi ya mapato ambayo halmashauri zetu huyakopesha makundi ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu imewekwa kwa biashara, na nyumba haimo. Nami sisemi ichotwe humo. Nasema kwamba chumba kinachopangishwa nacho ni biashara.

Yamebaki mambo ya sheria, ambayo hupitwa wakati wa furaha na kukumbukwa wakati wa mnada. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 59, inamkataza mume au mke kuitoa au kuiweka rehani nyumba ya ndoa pasipo ridhaa ya mwenzake. Mabenki hudai sahihi ya mwenzi, na kuna waume waliopeleka benki mwanamke asiye mke wao ili apate kutia sahihi. Hiyo ni khiyana juu ya mke na hila juu ya benki kwa kalamu moja. Mkopaji aliyeshindwa naye asikimbie barua. Sheria inampa notisi ya siku sitini kabla mwia hajachukua hatua ya kuuza, na siku hizo ni za kwenda benki na kuomba deni lipangwe upya, ombi ambalo husikilizwa mapema zaidi kuliko watu wanavyodhani, na husikilizwa kwa shida likija siku ya hamsini na tisa.

La mwisho ni nyumba ya mirathi, ambayo katika Kaloleni na Levolosi pengine ni kila nyumba ya nne au ya tano mtu anayopita, iliyojengwa na mzee aliyekwisha kufariki na kukaliwa na watoto wake wasioafikiana. Mmoja wao, aghalabu aliye na kazi Dar es Salaam au ughaibuni, hutuma fedha za kubadili paa. Baada ya miaka mitano, siku ya kugawana, yeye hudai paa ni lake na wengine husema alitoa sadaka kwa mama. Nyumba hiyo haiwezi kukopewa popote mpaka ukoo umekaa kikao na mahakama imemthibitisha msimamizi wa mirathi. Na hata ikiwa hakuna anayetaka kukopa, fedha ya mrithi mmoja inayoingia katika nyumba ya wote ni deni, au zawadi, au kodi iliyolipwa kabla, na warithi ndio wa kuamua ni kipi kati ya hivyo. Karatasi ya uamuzi wao iandikwe kabla ya bati la kwanza kuezuliwa, itaje kiasi na tarehe, itiwe sahihi na warithi wote, wa kike kwa wa kiume, na nakala yake iwekwe kwa mtu asiye na fungu katika urithi huo.